Rili haifi baharini, inafia stoo

Chumvi inavyokula zana za uvuvi pwani, na namna wavuvi wa bara na mwambao wanavyoweza kuziokoa

Na Mwandishi Wetu

MTU aliyezoea kuvua sangara Ziwa Victoria akishuka pwani na rili yake, jambo la kwanza analolishangaa ni nguvu ya samaki wa bahari. La pili hulikuta wiki mbili baadaye, akiwa amesharudi nyumbani. Mkono wa rili umekuwa mgumu, unga mweupe umejitokeza pembeni mwa skrubu, na breki inashika na kuachia kwa mikupuo. Rili iliyomtumikia miaka mingi Jinja, Mwanza au Kisumu imeanza kufa baada ya siku tatu za bahari.

Kwa msomaji asiyekijua kifaa hiki, rili ni mashine ndogo inayofungwa kwenye fimbo ya kuvulia. Ina spuli, yaani kigurudumu kinachobeba mshipi. Ina mkono wa kuzungushia, gia, beringi, na breki inayouachia mshipi utoke kidogo kidogo samaki anapovuta. Bila rili hakuna uvuvi wa starehe wa nduwaro, sulisuli na jodari unaowaleta wageni Watamu, Malindi, Shimoni, Pemba, Unguja na Mafia. Na bila uvuvi huo, manahodha, mabaharia, wauza chambo na mafundi wa boti wa maeneo hayo wanapoteza sehemu ya riziki yao.

Suala hili linagusa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa namna ya pekee. Kati ya nchi nane wanachama, nne hazina bahari kabisa: Uganda, Rwanda, Burundi na Sudan Kusini. Somalia ina mwambao wa zaidi ya kilomita 3,000, ilhali Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina kipande kifupi tu cha Bahari ya Atlantiki, upande wa Moanda. Wananchi wengi wa ukanda huu wanaoshika fimbo ya kuvulia wamejifunza kazi hiyo kwenye maziwa na mito: sangara wa Victoria na wa Mto Nile chini ya maporomoko ya Murchison, sangala wa Tanganyika, mbenga wa Mto Kongo. Wanaposafiri kwenda pwani, na safari hizo zimekuwa rahisi zaidi tangu Kenya, Uganda na Rwanda zilipoanza mwaka 2014 kuruhusu raia wao kuvuka mipaka kwa kitambulisho cha taifa, wanabeba zana zao pamoja na mazoea yao ya maji matamu. Mazoea hayo ndiyo yanayoua rili.

Gramu 35 kwa lita

Lita moja ya maji ya Bahari ya Hindi ina takriban gramu 35 za chumvi. Ziwa Victoria halifiki nusu gramu kwa lita. Tanganyika, ambalo wakazi wa Bujumbura na Kigoma wanajua kuwa maji yake ni mazito kidogo kwa madini, nalo liko chini ya gramu moja. Ziwani, mvuvi anaweza kuitupa rili yenye maji ndani ya begi, akaisahau mwezi mzima, na ikaendelea kuzunguka. Baharini, tone linalobaki ndani ya rili na kukauka linaacha chembe za chumvi, na kazi ya chembe hizo inaanza baada ya safari kwisha.

Chumvi ya kawaida inavuta maji kutoka hewani pale unyevu wa hewa unapopita asilimia 75 hivi. Chumvi ya bahari ina pia magnesi, na chumvi za magnesi huvuta maji hata hewa ikiwa kavu kuliko hapo. Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar, unyevu wa alfajiri hupita asilimia 75 siku nyingi za mwaka. Kwa hiyo rili iliyotundikwa stoo bila kuoshwa haikauki kamwe. Mchana inaonekana kavu. Usiku chumvi iliyomo inakunywa unyevu wa hewa, inageuka kuwa maji makali ya chumvi, na inakula chuma hadi jua lichomoze. Kesho yake inarudia.

Ndiyo sababu siku moja ya uvuvi huharibu kidogo sana, ilhali wiki mbili za kupumzika ndani ya begi huharibu sana.

Metali mbili, maji ya chumvi, na nani anayeliwa

Mabaharia wa pwani wanaijua vizuri zinki inayofungwa kwenye injini ya boti. Wanajua kuwa zinki ile inawekwa ili iliwe yenyewe, injini ibaki salama, na kwamba ikiisha lazima ibadilishwe. Ndani ya rili jambo hilohilo hutokea, ila hakuna zinki ya kutolewa kafara.

Rili nyingi zina bodi ya aluminiamu, skrubu na ekseli za chuma kisichoshika kutu, na gia za shaba ya njano. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi, zinafanya kazi kama betri ndogo, na ile iliyo dhaifu zaidi kwa kipimo hicho ndiyo inayoliwa. Aluminiamu ndiyo dhaifu. Unga mweupe unaouona kuzunguka skrubu ni mabaki ya aluminiamu iliyoliwa. Kadiri unga huo unavyoongezeka ndivyo unavyoibana skrubu, mpaka fundi akijaribu kuifungua kichwa chake kinakatika.

Watengenezaji wanalijua tatizo hili tangu zamani. Kampuni ya Penn, iliyoanzishwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1932, ilijijengea jina kwa rili za baharini, na rili zake za rangi ya dhahabu bado zinaonekana kwenye boti nyingi duniani. Rangi ile inatokana na utando mgumu unaowekwa juu ya aluminiamu kwa kutumia umeme. Utando huo ni kinga ya kweli, lakini ukikwaruzwa na mwamba, na ukingo wa boti au na pete ya mtu anayeishika rili, chumvi hupata mlango.

Hata chuma kinachoitwa hakishiki kutu kina kikomo chake. Chumvi hutoboa utando mwembamba unaokilinda na kuacha vishimo vidogo. Beringi ikishapata vishimo hivyo inaanza kulia kama inasaga mchanga, na hapo mafuta peke yake hayaiponyi tena. Inabadilishwa.

Hasara inamwangukia nani

Rili kubwa ya kuvulia nduwaro ni mali nzito. Bei yake inaweza kulingana na mshahara wa miezi kadhaa wa baharia anayeihudumia. Boti inayokwenda na fimbo tano au sita ina mtaji mkubwa umetundikwa hewani, na mtaji huo hauna bima dhidi ya uzembe wa maji.

Lakini hasara kubwa zaidi hutokea samaki anapokula. Kawaida breki hupangwa ivute kwa robo hadi theluthi ya uwezo wa mshipi. Mshipi wa kilo 24, ambao ni wa kawaida kwa samaki wakubwa, unapangiwa breki ya kilo 6 hadi 8. Breki safi huanza kuachia mshipi mara tu uzito huo unapofikiwa. Breki iliyoingiwa na chumvi inang'ang'ania kwanza, kisha inaachia kwa ghafla. Katika ule muda mfupi wa kung'ang'ania, mshipi unapokea nguvu mara mbili au tatu ya ile iliyopangwa, na unakatika.

Mgeni aliyelipia siku nzima ya boti hamlaumu mtengenezaji wa rili. Anamlaumu nahodha. Bakshishi ya mabaharia inapungua, na mwaka unaofuata mgeni huyo anatafuta boti nyingine, pengine nchi nyingine. Samaki naye anaondoka na ndoana mdomoni na mita kadhaa za mshipi nyuma yake. Kwenye pwani ambako nduwaro na sulisuli wengi huwekewa alama na kuachiwa huru, na ambako African Billfish Foundation yenye makao Watamu imekuwa ikikusanya taarifa za samaki hao, kumpoteza samaki kwa njia hiyo ni hasara kwa sayansi pia.

Dakika kumi za gati

Kazi inayozuia yote hayo haizidi dakika kumi kwa rili, na haihitaji kifaa cha gharama. Inahitaji maji matamu, au maji baridi kama wanavyoyaita wengine, yaani yasiyo na chumvi. Inahitaji kitambaa, oili kidogo, grisi kidogo, na utaratibu ambao haurukwi hata siku mnapochelewa kurudi.

Kwanza, kaza breki kabla maji hayajaigusa rili. Breki ikikazwa, diski zake zinabanana na maji hayapati nafasi ya kupenya kati yake. Watu wengi hufanya kinyume: wanalegeza kila kitu, wanamwagia maji, na kuipeleka chumvi moja kwa moja kwenye breki.

Pili, mimina maji kama mvua ya rasharasha. Keni ya kumwagilia maua ndiyo chombo bora cha kazi hii, na inapatikana soko lolote. Mpira wenye mkondo mkali, na zaidi ya hapo mashine ya kuoshea magari, unazisukuma chembe za chumvi zipite kwenye mipira ya kuzuia maji na ziingie ndani ya gia. Usiizamishe rili ndani ya ndoo kwa sababu hiyohiyo, na pia kwa sababu ndoo iliyokwisha kuoshea rili tatu sasa ni ndoo ya maji ya chumvi. Zungusha mkono taratibu wakati maji yanashuka. Elekeza maji zaidi kwenye shingo ya mkono, kwenye mguu unaoifunga rili kwenye fimbo, na kwenye rola ndogo inayopitisha mshipi kwa rili za spuli iliyosimama. Rola hiyo ina beringi ndogo kuliko zote, inapata maji kuliko zote, na ndiyo hutangulia kufa. Ikikwama, mshipi haupiti tena juu ya gurudumu linalozunguka. Unasuguliwa na chuma kilichosimama, na utakatika.

Tatu, kung'uta rili, ifute kwa kitambaa kikavu, kisha legeza breki kabisa. Breki iliyoachwa imekazwa usiku kucha inazibana diski zake mpaka zinagandamana, na inafungia ndani unyevu wowote uliopenya.

Nne, ianike kivulini penye upepo. Jua kali hukausha upesi sehemu za nje na kuacha maji ndani, na pia huchakaza mshipi na vishikio vya plastiki.

Tano, siku ya pili, rili ikiwa imekauka, tia tone moja la oili nyepesi kwenye rola, tone kwenye shingo ya mkono, na ufute bodi kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Tone moja linatosha. Mafuta yakizidi yanatiririkia kwenye breki na kukusanya mchanga.

Mshipi nao usisahauliwe. Mshipi wa kusuka hubeba maji ya bahari kati ya nyuzi zake na kuyapeleka hadi chini ya spuli, mahali ambapo maji ya kuoshea hayafiki. Baada ya safari ndefu, vuta nje sehemu iliyoingia baharini, ioshe, iache ikauke, kisha uikunje tena. Mwisho wa msimu, utoe mshipi wote. Wengi wanaofanya hivyo kwa mara ya kwanza hukuta unga mweupe umejaa chini yake, ilhali nje rili inang'aa.

Nahodha makini haisubiri hata gati. Anabeba chupa ya kupulizia yenye maji matamu ndani ya boti, na kila baada ya saa chache baharia anapuliza rili na kuzifuta. Siku ya saa kumi juani inatosha kuyageuza matone ya mawimbi kuwa ukoko, na ukoko ni mgumu kuondoa kuliko tone.

Maji yenyewe ni matamu kweli?

Hapa ndipo wengi wenye nia njema hukwama. Visima vingi vya karibu na ufuko na vya visiwani vina maji yenye chumvichumvi, kwa kuwa maji ya bahari hupenya kwenye miamba ya matumbawe, hasa wakati wa kiangazi ambapo visima huvutwa sana. Kuosha rili kwa maji hayo ni afadhali kuliko kutoiosha, lakini yanapokauka yanaacha chumvi yake. Baharia anaweza kuosha kila siku kwa bidii na bado akaona unga mweupe, akadhani rili ni mbovu.

Kipimo ni rahisi. Maji yanayoharibu ladha ya chai si ya kuoshea rili kwa mara ya mwisho. Osha kwanza kwa maji ya kisima ili kuondoa chumvi nyingi, kisha malizia kwa maji ya mvua au ya bomba. Mji wa Mombasa unapata maji yake kutoka mbali, yakiwemo ya chemchemi za Mzima na ya visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki, na kila mkazi anajua kuwa bomba halitoi kila siku. Kwa hiyo pipa la kukingia mvua kwenye paa la stoo ya zana si anasa. Ndoo moja ya lita 20, ikitumiwa kwa keni badala ya mpira, inatosha rili zote za boti moja kwa mosho wa mwisho.

Mafuta ya aina gani

Ndani ya rili, grisi hufanya kazi mbili: hulainisha gia, na huweka ukuta kati ya metali na chumvi. Grisi ya kawaida ya magari inaweza kuchujuka maji yakiingia. Iliyo bora ni ile ya vyombo vya majini, inayostahimili maji, ambayo huuzwa kwenye maduka ya injini za boti. Ipake kwenye gia, na upake kiasi kidogo sana kwenye nyuzi za kila skrubu kabla ya kuirudisha. Kidole kimoja cha grisi kwenye skrubu kinakata ile betri ndogo kati ya chuma na aluminiamu, na miaka mitatu baadaye skrubu itafunguka bila ugomvi.

Diski za breki ni jambo la pekee. Nyingi siku hizi ni za kaboni na zina grisi yake maalumu. Ukizitia oili ya injini, breki itateleza au itashika ovyo. Kama huna grisi hiyo, ziache kavu na safi.

Yapo pia mazoea ya nyumbani yanayofaa kuachwa. Ndimu na siki hung'arisha shaba, lakini asidi yake hula utando wa aluminiamu. Dawa za kufulia zenye klorini ni adui mkubwa zaidi. Dawa ya kupulizia ya WD-40 inasaidia kufukuza maji na kulegeza skrubu iliyoganda, lakini inayeyusha grisi, na mtu anayeipuliza ndani ya rili kila wiki akidhani anailainisha anaiacha gia uchi. Mafuta ya taa yanafaa kusafishia gia zilizofunguliwa, mradi zikaushwe na kupakwa grisi upya, na yasiguse mipira, plastiki wala diski za breki.

Vipi kuhusu rili mpya zinazotangazwa kuwa haziingizi maji? Baadhi ya rili za Penn, kwa mfano, hupewa alama za IPX5, IPX6 au IPX8. Tarakimu ikiwa kubwa, kinga nayo ni kubwa: 5 na 6 zinahusu maji yanayorushwa, na 8 inahusu kuzamishwa. Kinga hiyo inasaidia sana. Lakini mipira inayozuia maji kuingia inayazuia pia kutoka. Mpira ukichakaa na maji yakapenya, yatakaa humo hadi rili ifunguliwe. Na rola, mkono na mguu wa rili bado viko nje.

Miezi ya Kusi

Kwenye pwani ya Kenya, msimu mkuu wa samaki wakubwa huenda na Kaskazi, takriban Novemba hadi Machi. Kusi ikikolea kuanzia Mei, bahari huchafuka na boti nyingi hupandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Boti inapakwa rangi, injini inafunguliwa. Rili hutiwa ndani ya sanduku na kusahauliwa, katika miezi ambayo mvua na unyevu ni vingi.

Hiyo ndiyo miezi ya kuzifungua. Rili inayofanya kazi karibu kila siku inahitaji kufunguliwa yote angalau mara moja kwa mwaka: grisi ya zamani itolewe, beringi zijaribiwe moja moja, diski za breki zikaguliwe, skrubu zote zipakwe grisi. Baada ya hapo isihifadhiwe ndani ya mfuko wa plastiki wala wa raba uliofungwa, bali ndani ya mfuko wa kitambaa, juu ya rafu, breki ikiwa imelegezwa. Kila baada ya wiki chache mtu azungushe mkono mara kadhaa. Ukisikia kusaga, ifungue siku hiyohiyo, usingoje Novemba.

Anayetoka bara naye asifunge begi kabla ya kuosha. Safari ya basi kutoka Mombasa hadi Kampala, au kutoka Dar es Salaam hadi Kigali, ni ndefu, na rili iliyolowa ndani ya begi la joto inaliwa njia nzima. Kama hoteli au mwenyeji hana maji ya kutosha, chupa mbili za maji ya kunywa zinatosha kuokoa rili moja. Ukifika nyumbani, iоshe tena kwa maji mengi kabla ya kuirudisha ziwani.

Kununua ya mkono wa pili

Rili zilizotumika hupita mikononi mwa watu wengi katika ukanda huu, na nyingi zinazouzwa bara zimewahi kufanya kazi baharini. Kabla ya kulipa, angalia chini ya mguu wa rili na kuzunguka skrubu kama kuna unga mweupe au rangi iliyovimba. Angalia vichwa vya skrubu: vilivyochubuka vina maana kuna aliyeshindwa kufungua. Zungusha mkono polepole karibu na sikio. Kaza breki nusu, vuta mshipi kwa mkono, na usikilize kama unatoka mfululizo au kwa kukwama. Mwombe muuzaji atoe spuli uone ekseli. Muuzaji anayekataa ameshakujibu.

Ujuzi unaoweza kuvuka mpaka

Rili kubwa nyingi huagizwa kutoka nje ya Afrika Mashariki, pamoja na vipuri vyake. Beringi ndogo ikifa katikati ya msimu, boti inaweza kusubiri wiki nyingi kwa kitu cha ukubwa wa ukucha. Beringi nyingi za rili zina vipimo vya kawaida vya viwandani, na fundi anayejua kusoma vipimo hivyo anaweza kuipata ya kufanana kwenye maduka ya beringi ya Mombasa, Dar es Salaam, Nairobi au Kampala. Anayehitajika ni fundi huyo.

Kanda ina mahali pa kumpata. Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi wa Tanzania, FETA, una kampasi Mbegani, Bagamoyo, ufukoni mwa bahari, na nyingine Nyegezi, Mwanza, ufukoni mwa Ziwa Victoria, na nyingine tena Kigoma kwenye Tanganyika. Mombasa kuna Bandari Maritime Academy. Vyuo vinavyogusa maji ya aina zote mbili vina nafasi ya kufundisha kozi fupi ya ufundi wa rili, ya wiki chache, kwa kijana wa Lamu na wa Entebbe ndani ya darasa moja. Vikundi vya usimamizi wa fukwe, ambavyo viko baharini na maziwani, vinaweza kumiliki seti moja ya bisibisi, kopo la grisi na pipa la maji ya mvua kwa matumizi ya wanachama wote.

Kwa wenye boti, hatua ya kwanza ni ndogo zaidi. Saa ya kuosha zana ihesabiwe kuwa saa ya kazi na ilipwe kama nyingine. Baharia aliyekaa baharini tangu alfajiri, na anayejua kuwa muda wa gatini hauna malipo, atamwagia rili maji mara moja na kwenda zake. Akilipwa muda huo, atakaza breki kwanza, atachukua keni, na atairudisha rili stoo ikiwa haina chumvi.